Kuishi Ndani ya Duka la Zamani: Ushauri kwa Wenye Ploti Sondu na Majirani Zake

Ukirithi au ukinunua moja ya zile nyumba ndefu za kale, yenye varanda mbele, duka katikati na vyumba vya kulala nyuma, mtu wa kwanza atakayekujia atakushauri ubomoe upandishe ghorofa. Wa pili atakushauri upige plasta ya saruji nje na ndani, upake rangi ya kung'aa, mambo yaishe. Nakuomba usimlipe yeyote kati yao kabla hujaielewa nyumba yenyewe. Wa kwanza atakuondolea nyumba kwa siku moja. Wa pili ataiua taratibu, na gharama za kuiua utalipa wewe.

Nazungumzia nyumba za maduka zilizojengwa kabla ya uhuru katika vituo vya biashara vya Nyanza: hapa Sondu, Oyugis, Kendu Bay, Homa Bay, hadi mitaa ya zamani ya Kisumu. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, Kisumu ikiitwa Port Florence, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaja nayo. Allidina Visram, aliyeanzia kazi Bagamoyo, alikuwa na matawi kutoka pwani hadi Uganda. Wachuuzi wadogo wakaifuata njia hiyo, kisha wakasambaa kwa meli za ziwani na kwa mikokoteni mpaka mahali ambapo wakulima na wafugaji walikuwa tayari wanakutana kubadilishana mali. Sondu ni mahali pa namna hiyo hasa, penye mto, barabara, na watu wa lugha tatu, Waluo, Wakipsigis na Wakisii, ambao wakifika sokoni huzungumza Kiswahili.

Walijenga kwa walichokipata: mabati mazito yaliyosafirishwa kutoka ng'ambo, mbao, mawe, matofali ya kuchoma. Vifaa vilikuwa vya kawaida, lakini mpango wa nyumba ulifikiriwa vizuri. Varanda huzuia jua lisiupige ukuta wa mbele na mvua isifike kwenye msingi, na humpa mshonaji mahali pa kuweka cherehani. Dari liko juu ili joto lipande limwache mtu chini. Chini ya paa kuna matundu ya kutolea hewa. Milango ya mbele ni ya mbao zinazokunjwa, kiasi kwamba duka zima hufunguka asubuhi. Nyuma kuna ua, na jiko limewekwa upande wa mbali wa ua ili moshi na moto visiingie ndani. Mtu aliyepanga hivi aliijua hali ya hewa ya huku kuliko wengi wanaotuchorea ramani za ghorofa leo.

Sheria ya Leseni za Biashara ya 1967 ilipowazuia wasio raia kufanya biashara katika vituo vya mashambani, wengi wa wenye maduka hayo waliondoka, na ploti zikaingia mikononi mwa familia za hapa. Kwa hiyo nyumba hizi zina historia mbili, ya waliozijenga na ya waliozinunua wakasomeshea watoto humo. Usikubali kuambiwa kwamba ni mali ya kumbukumbu za watu wengine. Baba yako akiuza sukari na mafuta ya taa katika duka hilo kwa miaka thelathini, ni historia yako pia.

Hakuna atakayekuja kukulindia nyumba hiyo. UNESCO iliuorodhesha Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, Lamu 2001, Fort Jesus 2011, na kwetu huku Nyanza, Thimlich Ohinga mwaka 2018. Duka la Sondu halitafika kwenye orodha hiyo. Ulinzi wake ni mtu anayelala ndani, anayesikia tone likidondoka usiku na kupanda ngazi asubuhi. Ndiyo maana sitakushauri uifanye nyumba yako makumbusho. Nakushauri uikae, au uipangishe kwa anayeikaa, na matengenezo yote yalenge hapo.

Kabla ya kununua hata msumari, tafuta karatasi. Ploti nyingi za kibiashara za wakati wa ukoloni zilitolewa kwa ukodishaji wa muda maalumu, na huenda miaka iliyobaki ni michache au imeshakwisha. Fanya upekuzi katika ofisi ya usajili wa ardhi. Na kwa kuwa Sondu iko kwenye mpaka wa Kisumu na Kericho, hakikisha kwanza ploti imeandikishwa upande gani, maana nimeona watu wakilipa ada kwa miaka katika ofisi isiyowahusu. Sheria ya Ardhi ya 2012 humpa raia ambaye ukodishaji wake umekwisha nafasi ya kwanza ya kupewa tena ardhi hiyo, lakini nafasi hiyo haifai kitu kama hujaomba, au kama hati bado ina jina la babu aliyefariki na familia haijaenda mahakamani kuhusu mirathi.

Swali la pili ni barabara. Mamlaka ya barabara kuu ikipima upana wa hifadhi yake, varanda nyingi za zamani hukutwa ndani ya mpaka huo, na ile alama ya X nyekundu haijali umri wa nyumba. Mlete mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe mpaka kamili kabla hujaweka pesa kwenye varanda. Ikiwa imeingia ndani ya hifadhi, bado unaweza kuitunza kwa gharama ndogo. Usiijenge upya kwa zege.

La tatu ni kibali. Kubadilisha jengo mjini kunahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 nayo inaruhusu jengo kutangazwa kwenye gazeti rasmi kuwa la kulindwa. Wengi wanaiogopa hiyo ya pili wakidhani watanyang'anywa nyumba. Umiliki unabaki kwako, ila baada ya tangazo huwezi kubomoa au kubadilisha sura ya jengo kiholela. Ukitaka ushauri bila kutangazwa, anza na Makumbusho ya Kisumu. Chuo Kikuu cha Maseno nacho kina idara za mipango na usanifu majengo, na mwanafunzi mwenye futi na karatasi anaweza kukuchorea nyumba yako ilivyo sasa. Mchoro huo na picha za kila chumba ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote, na utakaa ukiishukuru siku fundi atakapouliza dirisha lilikuwa wapi.

Sasa twende kwenye nyumba. Chagua siku ya mvua kubwa, si siku ya jua, uizunguke ukiwa na mwavuli. Angalia maji yanakotoka na yanakokwenda. Karibu kila ugonjwa wa nyumba hizi ni maji yaliyokosa njia: bati lililotoboka kwenye msumari, bonde la paa mbili lililojaa majani, gata lililoanguka miaka mingi iliyopita bila kurudishwa, maji yanayomwagika kila mwaka mahali pale pale mpaka msingi ukawa wazi. Angalia pia usawa wa nje. Barabara imekuwa ikiinuliwa kwa murram na lami kila inapotengenezwa, na ua umekuwa ukimwagiwa kifusi. Katika nyumba nyingi, ngazi mbili za kupanda varandani zimebaki moja au hakuna kabisa. Nyumba haijazama. Ardhi ndiyo imepanda, na sasa maji ya mvua yanaegemea ukuta ambao haukujengwa kuyazuia. Chimba na uondoe udongo huo mpaka uone usawa wa zamani, kisha tengeneza mfereji wenye mteremko wa kutoa maji. Kazi hii ya jembe na toroli huponya ukuta kuliko dawa yoyote inayouzwa kwa mkebe.

Paa usilikimbilie kulibadilisha. Mabati ya zamani mara nyingi ni mazito kuliko ya geji 30 au 32 unayouziwa leo. Lenye kutu ya juu juu lipigwe brashi ya waya, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, na misumari iliyolegea ibadilishwe kwa skrubu zenye mpira. Yaliyooza ng'oa moja moja. Nyumba ikiwa na paa la asbesto, usilipande, usilikate kwa msumeno na usilitoboe. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, na vumbi lake ndilo linaloua mapafu. Litolewe na watu wenye kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMA, likiwa limeloweshwa na vipande vikiwa vizima, na lipelekwe panaporuhusiwa. Gharama itauma, lakini hapa hakuna njia ya mkato ninayoweza kukupa kwa dhamiri safi.

Kwenye kuta nitakaa zaidi, kwa sababu ndiko nyumba hizi zinakopotea.

Ukuta wa zamani wa matofali au mawe uliojengwa kwa udongo au chokaa huvuta unyevu kidogo kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huutoa jua linapochomoza. Haukukusudiwa kuwa mkavu kabisa, ulikusudiwa kukauka. Ukiupiga plasta ya saruji, ni sawa na kufunga chapati moto ndani ya nailoni: jasho linabaki ndani. Unyevu hautoki tena kwa njia ya zamani, unapanda juu ukitafuta mahali pa kutokea, na unabeba chumvi. Baada ya miaka michache utaona plasta imevimba kwenye kimo cha goti, unga mweupe umetokea, rangi inabanduka kwa vipande vikubwa. Fundi atarudi apige saruji nyingine juu zaidi, na unyevu utaifuata.

Nenda kwenye ukuta kama huo ugonge kwa kifundo cha kidole kuanzia chini. Mahali palipo pazima pana sauti nzito, na mahali plasta ilipoachana na tofali pana sauti ya mtungi mtupu. Zungushia chaki. Kisha chukua kipande cha nailoni chenye upana wa mkono, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea nyuma, upande wa ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakitokea mbele, upande wa chumba, tatizo ni hewa ya ndani, na dawa yake ni kufungua matundu yaliyozibwa. Nimeona familia zikilipia ukuta mpya kumbe kilichohitajika ni kutoa magazeti yaliyosokotwa kwenye matundu ya hewa tangu nani ajuaye.

Plasta ya saruji iliyoachia, itoe. Iliyoshika barabara usiilazimishe kwa tindo, utaondoka na uso wa tofali, na tofali la kuchoma likishapoteza uso wake mgumu huliwa na mvua haraka. Anza na sehemu ya chini iliyovimba, acha ukuta wazi ukauke kwa miezi, kisha rudisha kwa chokaa.

Chokaa haiko mbali. Koru, upande wa Muhoroni, kuna vilima vya mawe ya chokaa, na chokaa imechimbwa na kuchomwa huko tangu wakati wa ukoloni. Unaponunua, taja wazi kwamba unataka chokaa ya ujenzi. Ukanda huu wa miwa na chai umejaa chokaa ya shamba, ambayo ni mawe yaliyosagwa tu kwa ajili ya kupunguza asidi ya udongo. Inafanana kwa macho na ni rahisi, lakini haigandi hata uipigie magoti. Chokaa ya ujenzi ya mfuko imimine kwenye pipa la maji angalau jana yake, na ikikaa juma zima ni bora zaidi, mpaka iwe rojo nzito. Ukipata chokaa mbichi iliyotoka tanuruni, tahadhari: huchemka inapokutana na maji na inaweza kumpofusha mtu. Tia chokaa kwenye maji mengi, kidogo kidogo, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, na usiruhusu mtoto akaribie. Miwani na glavu ni lazima.

Changanya kipimo 1 cha rojo hiyo na vipimo 3 vya mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa mto una tope, na tope ndilo linaloleta nyufa. Weka kiganja kimoja cha mchanga kwenye chupa ya maji, tikisa, acha usiku kucha: ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, uoshe kwanza. Nunua kwa mchimbaji mwenye ruhusa. Kingo za Mto Sondu-Miriu zimeshaumizwa vya kutosha na malori. Loweka ukuta, piga tabaka jembamba la kama milimita 10, lifunike kwa magunia mabichi lisikauke kwa jua, subiri juma moja kabla ya lile la pili. Chokaa hugandishwa na hewa, na hewa haiharakishwi.

Hapa ndipo utakapogombana na fundi. Atakaa kimya siku mbili, ya tatu atakuja na kofia mkononi: "Mama, hii haishiki vizuri, niongeze simiti kidogo tu?" Usimkaripie. Amefundishwa saruji tangu ujana, na siku yake hulipwa kwa kazi iliyokauka jioni. Mlipe kwa ukuta, si kwa siku, na mpe ukuta wa ua ajaribie kwanza. Ikiwa pana sehemu ya nje inayopigwa na mvua ya moja kwa moja na huna budi kuongeza nguvu, kuna mchanganyiko wa saruji 1, chokaa 2 na mchanga 9, ambao huganda haraka na bado unapitisha hewa. Zaidi ya hapo umerudi kulekule.

Matofali ya kuziba mapengo yapo jirani, juu Nyabondo, ambako ufyatuaji wa matofali ni kazi ya familia nyingi. Chukua sampuli ya tofali lako la zamani uende nalo, kwa sababu vipimo hutofautiana. Na ukinunua, muulize muuzaji mashimo yake anayafanyia nini. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, wamefanya kazi Nyabondo kwa miaka kuhusu mashimo ya matofali yaliyoachwa wazi, maana yakijaa maji huzaa mbu wa malaria. Anayeyafukia au kuyageuza mabwawa ya samaki anastahili biashara yako.

Nyufa ni jambo jingine. Uwanda wa Kano na sehemu za Nyakach zina ule udongo mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, na nyumba iliyokaa juu yake huinuka na kushuka kila mwaka. Si kila ufa ni hatari. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, pande zote mbili, andika tarehe. Gandisha kipande cha kioo kukatiza ufa. Ngoja mvua za masika zipite, Machi hadi Mei, na ukame unaofuata. Kioo kikibaki kizima, ziba kwa chokaa uendelee na maisha. Kikikatika, au ufa ukiwa mpana juu kuliko chini, au ukuta umetoka nje ya mstari, mwite mhandisi aliyesajiliwa. Hili si la fundi wala la mwandishi wa magazeti. Jumba la kihistoria la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa katikati ya ukarabati sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Kama jengo lenye hadhi ile linaweza kuwaangukia watu, duka lako pia linaweza.

Mbao: zipime kwa kisu kidogo. Choma mguu wa kila nguzo ya varanda pale inapogusana na sakafu. Kisu kikizama kama siagi, pameoza, na mara nyingi ni chini tu, kama shubiri moja, huku juu ni pazima kabisa. Usitupe nguzo. Kata sehemu iliyooza kwa mshazari, unga kipande cha mti mgumu, kaza kwa bolti, kisha uiweke juu ya jiwe ili isikanyage udongo tena. Mchwa utawaona kwa vijia vya udongo vinavyopanda ukutani. Kivunje kijia kimoja, rudi baada ya juma: kikiwa kimejengwa upya, wapo. Kumbikumbi wakitoka ndani ya chumba baada ya mvua, kundi liko chini ya sakafu, na hapo mtaalamu wa dawa anahitajika. Oili chafu ya gari inayopakwa kila mahali huku kwetu sipendekezi ndani ya nyumba. Inanuka, inachafua udongo na inawaka. Kuni zisirundikwe ukutani. Milango ya kukunjwa, hasa ikiwa ya mvule, usimuuzie yule anayepita na pikapu akisema atakuletea ya chuma mpya. Anajua thamani yake.

Sasa nyumba imesimama na haivuji. Bado mtu anahitaji kuishi humo leo, mwenye friji, simu na mtoto anayeoga kwa maji ya moto.

Joto la mabati huondolewa kwa dari na mkondo wa hewa. Dari la mbao likiwa limetoka, rudisha, hata la mikeka ya mafunjo kutoka ziwani linafaa, mradi nyaya za umeme zisilale juu yake bila bomba. Matundu ya chini ya paa yana ubishi wa kweli. Daktari atakuambia mbu wa malaria huingia kwa njia hiyo, na ni kweli. Mimi nakuambia ukiyaziba nyumba itaoza na utalala kwenye tanuru, na hilo pia ni kweli. Wavu wa waya wenye matundu madogo unawatosheleza wote wawili. Upigiliwe kwenye fremu inayotoka, ili mara moja kwa mwaka usafishwe utando na vumbi. Popo wakiwa darini, ngoja watoke jioni ndipo uzibe, usizibe wakati wana vichanga, na kinyesi chao usikifagie kikavu bila barakoa.

Choo na bafu viwekwe ndani ya stoo ya zamani inayopakana na ua, si katikati ya nyumba. Mabomba yapite nje ya ukuta, yaonekane. Bomba lililofichwa kwenye ukuta wa matofali na udongo likivuja utajua ukuta ukishalainika. Shimo la maji taka likae mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na upande wa chini wa mteremko. Umeme vivyo hivyo: usichimbe mifereji ukutani, pitisha nyaya kwenye mabomba ya juu juu, panga yafuate kingo za milango na hayatakuudhi macho. Fundi awe na leseni ya mamlaka ya nishati, EPRA, aweke swichi inayokata umeme unapovuja, na apige waya wa ardhini. Ukanda huu wa kuelekea Kisii na Kericho una radi nyingi, na nyumba ya mabati bila waya wa ardhini ni mchezo mbaya.

Rangi ya zamani kwenye milango huenda ina risasi. Usiipige msasa ikiwa kavu, hasa kama kuna mtoto mdogo au mama mjamzito. Lowesha, kwangua, kusanya maganda yote.

Na kuhusu rangi, kuna balaa jingine. Kampuni za soda, simu na sabuni hutuma watu kupaka duka zima rangi zao bila malipo, na mpangaji hukubali kwa furaha. Rangi ile ya plastiki huziba ukuta kama saruji, na huufuta uso wa mtaa mzima. Ziruhusu ziweke ubao juu ya varanda, ukuta zisiuguse. Liandike kwenye mkataba wa pango: mpangaji hapaki ukuta, hatoboi dirisha la kuuzia, hachomelei chuma chini ya dari, na anasafisha gata kila mwisho wa kiangazi. Mpunguzie kodi kidogo kwa hilo. Mpangaji anayelipwa kwa kutunza hutunza.

Nyumba ya mjini ni rahisi kuliko ya nyumbani. Ikiwa unachotaka kutengeneza ni nyumba ya marehemu baba au mama ndani ya dala, yaani boma la familia, kwa Waluo si suala la mabati tu. Kuna familia ambazo hazitaezeka upya nyumba ya mjane kabla ya taratibu fulani, na watoto hawahamii nyumba ya baba. Wapo walioziacha desturi hizo, wapo wanaozishika kwa nguvu zote. Kaa na wazee kabla ya fundi, hata kama wewe mwenyewe huamini, kwa sababu nyumba itakayotengenezwa kisha ndugu wakatae kuikanyaga imepotea vilevile. Kuona mpango wa boma la kale ulivyokuwa, mpeleke kijana wako Ber-gi-dala, boma lililojengwa kwa ukubwa wake halisi katika Makumbusho ya Kisumu.

Kata bima, lakini isome. Bima ya moto ya kawaida haigharamii hasara ya machafuko ya kisiasa mpaka uiongeze kwa malipo yake, na mwenye jengo la mpakani Sondu hahitaji kuelezwa kwa nini.

Kuhusu ratiba, kazi ya paa, gata na mifereji ifanywe Januari na Februari. Mvua za masika ziijaribu kazi hiyo, nawe utembee na mwavuli tena ukiandika yaliyobaki. Plasta ya chokaa ianze Juni hadi Agosti, hewa ikiwa bado na ubichi wa kutosha. Milango, rangi na mapambo vingoje mwaka wa pili. Ndugu wakichanga pesa kidogo na wakabishana ianze kazi gani, gata na mfereji wa ua vitangulie, na jina la atakayevisafisha liandikwe siku hiyohiyo.